ABIRIA NAYE ANA KAZI YAKE

Zamani mtu wa kijijini alisafiri kwa nadra. Siku hizi mambo ni tofauti. Mkulima hupanda basi kwenda kuuza mazao yake. Mama hupanda basi kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa. Kijana huenda shule ya mkoa mwingine. Wengine husafiri kwenda msibani au arusini. Mabasi ya masafa marefu yamekuwa sehemu ya maisha yetu.

Kila mmoja wetu anapopanda basi anataka kufika salama. Hata hivyo, ukitazama jinsi tunavyokaa ndani ya basi, utadhani hatuna habari na usalama wetu. Tunalipa nauli, tunakaa, tunalala, tukiamini kuwa mengine yote ni kazi ya dereva.

Somo hili linaeleza kwa nini mawazo hayo ni ya hatari. Pia linaeleza kazi ya abiria: kabla ya safari, njiani, na ajali inapotokea.

1. MAWAZO YANAYOTUPONZA

Yako mawazo manne ambayo husikika mara kwa mara ndani ya mabasi yetu. Tuyachunguze moja moja.

Wazo la kwanza: "Ajali haina kinga."
Methali hii hutufariji baada ya msiba. Lakini kuifanya sababu ya kutojikinga ni kosa. Ajali nyingi za barabarani zina chanzo kinachojulikana. Dereva alikwenda kasi mno. Dereva alilipita gari jingine kwenye kona. Dereva alisinzia. Tairi lilikuwa limekwisha. Breki zilikuwa mbovu. Hayo yote yanaweza kuzuiwa. Mungu ametupa macho, masikio na akili ili tuvitumie. Mtu hawezi kuacha mlango wazi usiku kisha akasema wizi ni majaliwa.

Wazo la pili: "Dereva ndiye anayejua."
Ni kweli dereva amejifunza kazi yake, na abiria hapaswi kumfundisha kubadili gia. Lakini hakuna haja ya leseni ili kuona kwamba dereva anazungumza kwenye simu, au kwamba basi linayumba na kuacha mstari wake. Mgonjwa si daktari, lakini anajua mahali panapomuuma.

Wazo la tatu: "Dereva hodari ni yule mwenye kasi."
Hili ni wazo baya sana, kwa sababu linatoka kwetu sisi abiria. Basi likipitwa na jingine, wako abiria wanaopiga kelele, "Dereva, unapitwa! Kanyaga mafuta!" Dereva mwangalifu huitwa konokono. Kesho yake watu huenda kukata tiketi katika basi lile linalosifiwa kwa mwendo. Mwenye basi naye huona kuwa mwendo unaleta wateja. Hivyo tunaununua mwendo kasi kwa fedha zetu wenyewe.

Wazo la nne: "Mimi ni nani hata niseme?"
Ndani ya basi la watu hamsini, pengine arobaini wanaogopa. Kila mmoja anaona wenzake wamenyamaza, naye anafikiri hofu ni yake peke yake. Mama anaona haya kusema mbele ya wanaume. Kijana anaona haya kuitwa mwoga. Mzee anadhani vijana watamcheka. Basi zima linanyamaza, na dereva anadhani abiria wake wameridhika.

2. HESABU YA MWENDO

Kwa sheria za Tanzania, basi kubwa halipaswi kuzidi mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Katika maeneo ya makazi ya watu penye vibao, mwendo hauruhusiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa. Kwa nini mipaka hiyo imewekwa? Tufanye hesabu.

Basi linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita karibu mita 22 katika kila sekunde moja. Likienda kilometa 100 kwa saa, hupita karibu mita 28. Dereva akiona ng'ombe barabarani, huchukua muda kidogo kabla mguu wake haujakanyaga breki. Muda huo ukiwa sekunde moja tu, basi limekwisha kwenda mita 22 au 28 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo breki nazo zinahitaji mita nyingi zaidi kulisimamisha basi zito.

Sasa fikiri juu ya kulipita gari la mbele. Basi lako linakwenda kilometa 80 kwa saa, na lori linalokuja mbele linakwenda kilometa 80 kwa saa. Magari hayo yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Yakiwa mbali kwa mita 400, yatakutana baada ya sekunde 9 tu. Hesabu polepole moja hadi tisa. Huo ndio muda alio nao dereva wa kupita na kurudi upande wake.

Nguvu ya kugonga nayo huongezeka kuliko tunavyodhani. Kugonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Kwa kilometa 80 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, yaani kutoka kilele cha mnazi mrefu. Kwa kilometa 100 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 40. Mwendo umeongezeka kidogo, lakini kimo cha kuangukia kimeongezeka sana.

Je, tunapata faida gani kwa kwenda kasi? Chukua sehemu ya barabara yenye kilometa 100. Kwa mwendo wa 80 utatumia saa moja na dakika 15. Kwa mwendo wa 100 utatumia saa moja. Umeokoa dakika 15. Lakini mbele kuna vijiji, matuta, mizani na magari mengine. Kisha basi litasimama watu wale chakula, na zile dakika 15 zitakwisha mezani. Je, dakika hizo zina thamani ya kuanguka kutoka mita 40?

Njiani pia kuna mahali pa hatari zaidi. Mlima Kitonga mkoani Iringa na mlima Sekenke mkoani Singida ina miteremko mikali na kona. Basi likiteremka kwa kasi, dereva hukanyaga breki muda mrefu, breki hupata moto na nguvu yake hupungua. Dereva mwangalifu huingiza gia ndogo na kushuka polepole. Katika hifadhi ya Mikumi barabara hupita katikati ya wanyama kwa kilometa zipatazo 50. Tembo akisimama barabarani, basi lenye kasi halina pa kukwepea.

3. KABLA YA SAFARI

Kazi ya abiria huanza hata kabla injini haijawashwa.

Kata tiketi katika ofisi ya basi au kwa njia inayotambuliwa, siyo kwa mtu anayekuvuta mkono stendi. Hakikisha tiketi ina jina lako kamili na namba ya simu ya ndugu yako. Watu wengi hutoa jina la utani au la mtu mwingine. Hilo ni kosa kubwa. Tarehe 28 Juni, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, yakawaka moto. Watu zaidi ya 35 walikufa. Miili mingi iliungua hata haikuweza kutambulika kwa macho. Katika msiba wa namna hiyo, jina sahihi kwenye tiketi ni msaada kwa ndugu wanaotafuta mtu wao.

Lizunguke basi kabla ya kupanda. Huhitaji kuwa fundi. Tazama matairi. Kama yamekuwa laini kama kipara, au nyuzi zake zinaonekana, hilo si basi la safari ndefu. Tazama kama taa ni nzima.

Uliza kuhusu madereva. Safari inayozidi muda wa saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili wanaopokezana. Kwa muda mrefu mabasi ya mikoani nchini Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Mwaka 2023 ruhusa hiyo ilitolewa. Usiku una faida zake, lakini usingizi nao hauna rafiki. Kwa hiyo swali la dereva wa pili lina uzito zaidi kwa anayesafiri usiku.

Usipakie petroli, mafuta ya taa wala mtungi wa gesi pamoja na mizigo yako. Ukimwona mwenzako anapakia, mwambie kondakta. Dumu moja la petroli linaweza kuliteketeza basi zima.

4. NDANI YA BASI

Funga mkanda. Mabasi mengi ya siku hizi yana mikanda katika viti vyake, lakini abiria wengi huikalia. Wengine husema, "Mkanda ni wa dereva," au, "Mkanda utanizuia kutoka basi likiwaka moto." Tufikiri vizuri. Basi likipinduka, asiyefunga mkanda hurushwa. Hugonga dari, hugonga wenzake, au hutupwa nje kupitia dirishani na kulaliwa na basi. Mtu aliyezimia hawezi kuukimbia moto. Aliyefunga mkanda ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na fahamu zake, akafungua mkanda na kutoka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa mtu aliye garini hadi kufikia nusu.

Usimpakate mtoto mkubwa ili kukwepa nauli. Basi likisimama ghafla, mikono ya mzazi haiwezi kumshika. Nguvu zake hazitoshi, hata akiwa na mikono ya mkulima. Mtoto akiwa na kiti chake na mkanda wake, nauli uliyolipa imenunua uhai wake.

Usikubali kusimama au kukaa kwenye ndoo katika njia ya kupitia. Kwanza huna cha kukushika. Pili, unaziba njia ya wenzako wakati wa hatari. Mizigo nayo isizibe njia hiyo. Mfuko wa mchele uliowekwa juu ya kichwa cha mtu huwa jiwe basi linapogonga.

Ukishakaa, tazama mlango wa dharura uko wapi. Tazama kama kuna nyundo ya kuvunjia kioo na chombo cha kuzimia moto. Kazi hii huchukua dakika moja tu. Wakati wa moshi na giza hutapata nafasi ya kuuliza.

Hapa tuseme kidogo juu ya wezi wa safarini. Usipokee chakula, kinywaji wala peremende kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa mkarimu namna gani. Watu wamewahi kulishwa dawa za usingizi na kuamka bila kitu. Fedha usizihesabu mbele za watu. Mzigo wa buti uwe na stakabadhi. Usiku, usishuke peke yako mahali pa giza kama unaweza kusubiri kituoni hadi kukuche.

5. NENO LINALOOKOA

Sasa tufike kwenye jambo gumu kuliko yote, nalo ni kusema.

Wenzetu wa Kenya wana mfano mzuri. Mwaka 2008, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za safari ndefu. Walibandika ndani ya baadhi ya matatu hizo karatasi zenye picha na maneno. Maneno hayo yaliwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matatu nyingine ziliachwa bila karatasi, ili zilinganishwe. Kisha wakatazama madai ya bima, maana gari likipata ajali mwenyewe hudai fidia. Ilionekana kwamba katika matatu zenye karatasi madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Baadaye jaribio lilirudiwa kwa magari mengi zaidi, chini ya wito wa "Zusha". Safari hii madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Hapa Tanzania nako wito wa "Abiria Paza Sauti" umewahi kutolewa.

Tunajifunza nini? Karatasi haina mikono ya kushika usukani. Kilichosaidia ni kwamba abiria alipata ruhusa ya kusema, na dereva alijua kwamba anaweza kusemwa.

Lakini kusema kuna njia yake. Kumtukana dereva kunampandisha hasira, na dereva mwenye hasira ni hatari mpya. Tuseme basi linakwenda kasi mno, na mama mmoja anaona hatari. Kwanza anamgeukia jirani yake.

"Baba, unauonaje mwendo huu?"

"Mama, hata mimi naogopa, ila nilikuwa nimenyamaza."

Sasa wako wawili. Mama anamwita kondakta. "Mwanangu, tafadhali mwambie dereva apunguze mwendo. Tuna watoto humu."

Kondakta anacheka tu. Ndipo mama anapaza sauti, kwa heshima:

"Mwanangu dereva, tunakushukuru kwa kutufikisha hapa. Lakini mwendo huu unatutisha. Tunakuomba upunguze."

Kijana wa kiti cha nyuma anadakia, "Mama, kama unaogopa ungepanda punda!"

Watu wanacheka. Yule mzee anajibu, "Kijana, punda hafiki Mbeya. Lakini basi lililopinduka nalo halifiki."

Sasa sauti nyingine zinatokea. "Kweli, dereva, punguza!" "Tuna safari ndefu, usituue!" Sauti ya kwanza ndiyo ngumu. Ya pili ni rahisi, na ya kumi haihitaji ujasiri wowote.

Je, dereva akikaidi? Andika namba ya basi, mahali mlipo na saa. Piga simu polisi kwa namba 112. Unaweza pia kutoa habari kwa askari wa usalama barabarani mnapofika kwenye kizuizi, au kwa LATRA. LATRA ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mabasi ya mikoani hufungwa kifaa kinachopeleka LATRA habari za mwendo wa basi. Hata hivyo, imewahi kugunduliwa kwamba vifaa hivyo vinachezewa. Kwa hiyo chombo hakiondoi kazi ya abiria.

Tumtendee haki dereva pia. Mara nyingi naye anasukumwa. Mwenye basi anataka liwahi ili lirudi kesho alfajiri. Abiria wanamlaumu kwa kuchelewa. Abiria anapomwambia, "Dereva, kawia lakini tufike," anampa nguvu ya kuendesha kama alivyofundishwa. Na tukifika salama, tumshukuru. Shukrani haina gharama, na humwonyesha kwamba uangalifu wake umeonekana.

6. AJALI IKITOKEA

Pamoja na uangalifu wote, hatari nyingine hutoka nje ya basi. Mwezi Machi 2015, huko Changarawe, Mafinga, lori na basi yaligongana, na kontena la lori likaliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kwa hiyo ni lazima tujue la kufanya ajali inapotokea.

Kwanza, toka haraka na uende mbali na basi. Usirudi kuchukua mzigo. Shamba huweza kulimwa tena, na nguo hununuliwa tena.

Pili, asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala kuwasha kiberiti karibu na hapo.

Tatu, piga simu. Polisi ni 112 na Zimamoto ni 114. Taja mahali mlipo kwa jina la kijiji au kibao cha kilometa.

Nne, usimvute majeruhi ovyo. Anaweza kuwa amevunjika shingo au mgongo. Mwondoe tu kama kuna moto au hatari nyingine. Anayetoka damu nyingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.

Tano, wanakijiji walio karibu wawe waokoaji, wasiwe waporaji. Mafuta yanayomwagika yasichotwe. Tarehe 10 Agosti, 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaenda kuchota petroli. Lori lililipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa.

7. MWISHO

Tumeona kwamba dereva ana kazi yake, mwenye basi ana kazi yake, polisi na LATRA wana kazi yao. Abiria naye ana kazi yake. Achague basi zima. Atoe jina lake la kweli. Afunge mkanda. Asiusifu mwendo kasi. Aseme mapema, kwa heshima, pamoja na wenzake. Heri kuitwa mwoga ukafika, kuliko kusifiwa ujasiri kaburini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja mawazo manne yanayowaponza abiria. Ni lipi linasikika zaidi katika kijiji chenu?
2. Basi linakwenda kilometa 200. Litatumia muda gani kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa? Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa je? Tofauti ni dakika ngapi?
3. Kwa nini ni vizuri tiketi iwe na jina lako kamili?
4. Mtu akikuambia kwamba mkanda utamzuia kutoka wakati wa moto, utamjibuje?
5. Jaribio la Kenya linatufundisha nini?
6. Wanadarasa wagawanyike: mmoja awe dereva, mmoja kondakta, wengine abiria. Igizeni jinsi ya kumwomba dereva apunguze mwendo.
7. Je, kijiji chenu kiko karibu na barabara kuu? Ajali ikitokea hapo, nani atapiga simu, na majeruhi watapelekwa wapi?

MAANA YA MANENO

dharura: jambo la ghafla linalohitaji kushughulikiwa mara moja
fidia: malipo anayopewa mtu aliyepata hasara
kaidi: kukataa kufuata unaloambiwa
majeruhi: mtu aliyeumia
stakabadhi: hati inayoonyesha kwamba kitu kimelipiwa au kimepokelewa
theluthi: sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara tatu